Kutambua Mchochota wa Mirija ya Nyongo kwa Mkojo, Choo, Damu na Nyongo Yenyewe: Mwongozo Kamili

Alifika saa mbili asubuhi, mzee wa Ujiji, ameshika chupa ya maji ya nusu lita iliyoviringishwa kipande cha khanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea chai ya rangi."

Ulikuwa mkojo, na kweli ulikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikausogeza dirishani, nikatikisa chupa. Povu likapanda, likakaa, la njano kama kiini cha yai la kienyeji. Hapo sijatumia hata kitendanishi kimoja, lakini nilishajua kwamba kuna nyongo inayokosa njia ya kupita. Nilipomuuliza habari za choo, akacheka kwa aibu: "Kama ugali wa muhogo." Mwenye mkojo wa chai na choo cha ugali wa muhogo ameshakupa nusu ya majibu kabla hajaketi.

Nimefanya kazi ya maabara Kigoma miaka mingi, na ninachokiona mara kwa mara ni watu kuanza na vipimo kutoka mwishoni. Mgonjwa mwenye macho ya njano anaandikiwa kipimo cha alama ya saratani, sampuli inasafirishwa hadi mkoa mwingine, na mkojo wake hakuna aliyeutazama. Mpangilio ninaoufuata mimi ni mkojo, choo, damu, na nyongo yenyewe mwisho kabisa, tena kwa wachache. Naandika kwa ajili ya vijana wa maabara na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, ila ndugu wa mgonjwa naye anaweza kusoma ajue anachoandikiwa ni nini.

Tunatafuta nini hasa

Ini hutengeneza nyongo kila siku, kati ya nusu lita na lita moja hivi. Inashuka kwa mirija midogo inayoungana kuwa mikubwa, mingine inapumzika kwenye kifuko cha nyongo, kisha humwagika kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta. Mchochota ni pale kuta za mirija hiyo zinapovimba na kuuma kwa sababu ya vijidudu, jiwe, minyoo, au kinga ya mwili iliyogeuka kumshambulia mwenyewe. Kuta zikivimba, njia inabana. Njia ikibana, nyongo inarudi nyuma na kuingia kwenye damu.

Magonjwa yenyewe ni mengi. Yupo mgonjwa wa jiwe lililokwama na bakteria wakapanda juu yake. Huyu ndiye tunayemwona zaidi. Yupo mwenye mnyoo wa Askarisi aliyejipenyeza kwenye mrija. Yupo mwenye VVU aliyechelewa kuanza dawa, mirija ikashambuliwa na vimelea. Halafu kuna matatu ya kinga ya mwili: PSC, inayoacha makovu kwenye mirija mikubwa na midogo, PBC, inayokula mirija midogo ndani ya ini, na ugonjwa wa IgG4, ulioitwa kwa jina la aina moja ya kingamwili. Hayo matatu kwetu hutajwa kwa nadra. Sehemu ya sababu ni kwamba vipimo vyake haviko karibu, na mtu haoni asichokitafuta.

Neno moja kuhusu lugha. Mtu akija anasema "nyongo imepanda", hajasema ana ugonjwa wa mirija. Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi, na mtu akitapika maji ya njano kwa malaria atasema hivyo hivyo. Mpokee, muulize vizuri, fanya mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, endelea.

Asiyetakiwa kukaa foleni

Mwaka 1877 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza dalili tatu zinazokuja pamoja: homa yenye kutetemeka, macho ya njano, na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Mwaka 1959 zikaongezwa mbili, presha kushuka na akili kuchanganyikiwa. Mgonjwa mwenye tatu hizo huenda ana usaha unaojikusanya kwenye mrija uliofungwa. Chukua sampuli zako ndani ya dakika kumi, damu ya kuotesha vijidudu kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki, na barua ya rufaa ianze kuandikwa wakati huo huo. Akiwa na tano, sindano isisubiri jibu lolote kutoka kwangu.

Kwanza macho, ndipo maji

Kabla hujagusa kopo, mpeleke mgonjwa kwenye mwanga wa jua, mvute kope la chini, mwambie atazame juu. Taa za njano za wodini zinadanganya. Umanjano huanza kuonekana bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye nyongo, inapofika kati ya 34 na 50 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Kawaida ni chini ya 21 hivi.

Na hapa Kigoma kuna mtego wetu wenyewe: mawese. Mafuta mekundu ya mawese yamejaa karotini, na mtu anayeyala sana, akaongeza na papai na maboga, anaweza kuwa na viganja na nyayo za njano kabisa. Ila weupe wa jicho hubaki mweupe. Nimewahi kumrudisha nyumbani mama mmoja aliyekuja analia, ameambiwa na majirani ini limekwisha. Macho meupe, mkojo safi, viganja vya njano. Alikuwa muuza mawese.

Hatua ya 1: mkojo

Nitakaa hapa muda mrefu kwa sababu hapa ndipo pa bei rahisi na hapa ndipo tunapopuuza.

Bilirubini iko ya aina mbili. Ile ambayo haijapita kwenye ini haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haitoki kwenye mkojo hata ikijaa kwenye damu. Iliyopita kwenye ini inayeyuka, na nyongo ikikwama inatoka kwenye mkojo. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa na macho ya njano na dipstiki yake, ile stripu ya kupimia mkojo, isionyeshe bilirubini: chembe nyekundu zinavunjika, lakini njia ya nyongo iko wazi. Usimwache moja kwa moja, kwani kuvunjika huko kwa miaka hutengeneza mawe ya nyongo, na siku moja atakuja na mkojo wa chai.

Chukua mkojo mbichi, wa asubuhi ukiweza, kwenye kopo safi lenye kifuniko. Upime ndani ya saa moja. Mwanga unaharibu bilirubini, kwa hiyo mkojo uliokaa kwenye kaunta ya dirishani tangu alfajiri unaweza kutoa jibu hasi la uongo. Vitamini C nayo inafanya hivyo hivyo. Muulize kama anatafuna vidonge vya mafua.

Tikisa kwanza. Povu la mkojo wa kawaida ni jeupe na linapotea upesi. Povu la njano au la kijani linalokaa linaashiria bilirubini. Kisha chovya dipstiki, ondoa maji ya ziada pembeni mwa kopo, na usome kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la stripu, si kwa muda wa kumaliza kupiga soga. Kwenye kisanduku cha urobilinojeni, ambayo hutengenezwa utumboni kutokana na bilirubini, kuna jambo ambalo wengi hawajafundishwa: stripu inaweza kukuambia imezidi, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba haipo kabisa. Usiandike "urobilinojeni hakuna, njia imefungwa" kwa kutegemea rangi ya stripu.

Pasipo na stripu, njia ya zamani ya Fouchet bado inafaa. Unachanganya mkojo na bariamu kloraidi, unachuja, mashapo yanabaki juu ya karatasi yakiwa yameshika bilirubini, unadondoshea kitendanishi. Mashapo yakigeuka kijani au bluu, ipo.

Sasa mitego. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini hukojoa rangi ya chungwa iliyoiva. Povu lake litakuchanganya, na rangi ya stripu pia. Muulize dawa kabla hujaandika chochote. Pia ujue dawa za TB zenyewe zinaweza kuumiza ini, kwa hiyo rangi hiyo isikufanye umwondoe mashakani, ikufanye upime damu. Mtego wa pili ni mkojo mweusi kama kahawa wa mgonjwa wa malaria kali au aliyemeza dawa isiyopatana na damu yake. Huo ni hemoglobini. Stripu itaonyesha damu nyingi, lakini ukiweka tone chini ya hadubini huoni chembe nyekundu, au unaziona chache mno. Povu lake si la njano.

Hatua ya 2: choo

Rangi kwanza. Choo hupata kahawia yake kutokana na nyongo, na nyongo isipofika utumboni kinakuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mara nyingi kina mafuta yanayoelea. Mwambie mgonjwa asikueleze tu, akuonyeshe.

Kisha hadubini. Mayai ya Askarisi hayathibitishi kwamba mnyoo uko kwenye mrija, lakini mtoto mwenye maumivu makali ya ghafla na mayai mengi anastahili altrasaundi siku hiyo hiyo. Mnyoo ulio hai huonekana ukijisogeza. Kwa mgonjwa mwenye VVU anayeharisha na CD4 (hesabu ya chembe za kinga) chini ya 100, omba rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa. Vimelea vya Kriptosporidiamu vinaonekana vidogo, duara, vya waridi hadi wekundu, upana wa maikromita 4 hadi 6. Vimelea hao wanapenda kupanda kwenye mirija ya nyongo. Watu hao mara nyingi ALP yao, kimeng'enya cha njia ya nyongo kinachopimwa kwenye damu, inapanda juu sana huku macho yakiwa meupe tu, na asiyejua hukaa akitafuta umanjano ambao hautakuja.

Kuna pia kipimo cha kalprotektini kwenye choo. Hii ni protini inayojaa ndani ya nyutrofili, zile chembe nyeupe za mstari wa mbele, na inapoonekana kwa wingi maana yake chembe hizo zimemiminika kwenye utumbo. Inahusiana vipi na mirija ya nyongo? Wengi wa wenye PSC wana pia vidonda vya mchochota kwenye utumbo mpana, hata kama hawaharishi. Chini ya maikrogramu 50 kwa gramu ya choo, utumbo una uwezekano mkubwa kuwa salama. Juu ya 250, kuna jambo. Lakini diklofenaki na ibuprofeni vinaipandisha, amiba na shigela vinaipandisha, na huku kwetu nani hajameza diklofenaki wiki hii? Ondoa maambukizi kwanza, simamisha dawa hizo kwa wiki mbili kama daktari ameridhia, ndipo upime.

Hatua ya 3: damu

Makosa mengi hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine, na ninalijua hili kwa sababu limenikuta. Nikiwa kijana kwenye kituo kimoja, niliweka sampuli za asubuhi kwenye rafu ya dirisha linalotazama ziwa, jua linapiga, nikaenda chai. Mgonjwa aliyekuwa na bilirubini ya juu jana yake alionekana amepona nusu. Daktari akafurahi. Kesho yake tukarudia kwa sampuli iliyofunikwa, na namba ikawa palepale. Jua kali linaweza kula hadi nusu ya bilirubini kwa saa moja. Tangu siku ile nafunga chupa kwa karatasi ya foili, ile ile ya kufungia samaki.

Mengine ya kuzingatia nayataja upesi. Vipimo vya ini na kingamwili viende kwenye chupa ya kifuniko chekundu au cha njano. Picha kamili ya damu iende kwenye zambarau. Kipimo cha kuganda kiende kwenye bluu, ijazwe hadi kwenye mstari, kwa sababu uwiano wa damu na dawa ni 9 kwa 1, na ikipungua jibu linaharibika. Usijaribu kamwe kuokoa muda kwa kupima ALP kutoka chupa ya zambarau au ya bluu: dawa za ndani yake hunyakua magnesiamu na zinki ambazo kimeng'enya hicho kinazihitaji, na ALP itashuka bila sababu. Tenganisha seramu ndani ya saa mbili. Damu iliyovunjika kwa kuvutwa kwa nguvu na sindano nyembamba itapandisha AST. Na ikiwezekana mgonjwa aje hajala. Kwa baadhi ya watu wa kundi O na B, mlo wa mafuta huongeza kidogo ALP ya utumbo, na mgebuka uliokaangwa kwa mawese ni mlo wa mafuta hasa.

Sasa kusoma. ALP na GGT ni vimeng'enya vya njia ya nyongo, ALT na AST ni vya chembe za ini zenyewe. ALP peke yake haitoshi, maana mifupa ya mtoto anayekua na kondo la mama mjamzito hutoa ALP pia. GGT ikipanda pamoja nayo, ALP hiyo ni ya ini. GGT ikiwa kawaida, rudi utafute kwenye mifupa au mimba. Tahadhari: pombe hupandisha GGT peke yake.

Kuna hesabu ndogo ninayoipenda kuliko maelezo yote. Gawa ALT kwa kikomo chake cha juu, gawa ALP kwa kikomo chake cha juu, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. Mzee wetu wa Ujiji: ALT 90, kikomo cha mashine yetu 40, inakuja 2.25. ALP 520, kikomo 130, inakuja 4. Ukigawa unapata karibu 0.56. Jibu likiwa 2 au chini, tatizo liko kwenye njia ya nyongo. Likiwa 5 au zaidi, ini lenyewe limeshambuliwa: fikiria hepatitisi, dawa, mitishamba. Katikati, vimechanganyika. Kwa mfano kijana mwenye ALT 1200 na ALP 195 kwa vikomo hivyo hivyo anapata 20, na huyo umpime hepatitisi B kabla ya kumpeleka altrasaundi.

Ila usiishike hesabu hii kama msahafu. Jiwe likikwama jana usiku, ALT ndiyo hupanda kwanza, kwa siku moja au mbili, kwa sababu ALP inahitaji muda wa kutengenezwa. Mgonjwa wa maumivu ya jana mwenye ALT 400 na ALP ya kawaida anaweza kuwa na jiwe kabisa. Rudia baada ya siku mbili.

INR, kipimo cha kuganda kwa damu, isiachwe. Vitamini K hufyonzwa kwa msaada wa nyongo. Nyongo isipofika utumboni, damu inachelewa kuganda. Daktari akimpa vitamini K kwa sindano na INR ikarudi sawa baada ya saa 24, ini bado linafanya kazi na shida ni njia. Isiporudi, ini lenyewe limechoka.

Kwa mchochota wa bakteria, kuna vigezo vya Tokyo vilivyopitiwa upya mwaka 2018, na vinafaa hata hospitali ya wilaya. Kundi la kwanza ni dalili za mwili kupambana: homa juu ya 38, chembe nyeupe chini ya 4,000 au juu ya 10,000, au CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na mchochota, ya miligramu 10 kwa lita na zaidi. Kundi la pili ni nyongo kukwama: bilirubini ya 34 na zaidi, au vimeng'enya vya ini vilivyozidi mara moja na nusu ya kikomo. Kundi la tatu ni picha: mirija imetanuka, au jiwe, mbano ama mnyoo unaonekana. La kwanza likikutana na moja kati ya mengine mawili, una shaka ya kutosha kuanza tiba. Yote matatu yakiwepo, umethibitisha. Chembe sahani zikiwa chini ya 100,000, INR juu ya 1.5, kreatinini juu ya miligramu 2 kwa desilita, au akili imechanganyika, huyo ni wa daraja la hatari zaidi na anahitaji mrija wake ufunguliwe haraka, si wiki ijayo.

Kwenye picha kamili ya damu tazama pia eosinofili. Zikiwa juu sana, rudi kwenye minyoo, ikiwemo ile ya ini inayotoka kwa mifugo.

Hatua ya 4: altrasaundi

Haimo kwenye maji ya mwili, lakini bila hiyo hatua ya 5 ni kupoteza pesa. Swali ni moja: mirija imetanuka au haijatanuka? Imetanuka, tafuta kilichoziba. Haijatanuka na ALP iko juu kwa miezi sita, hapo ndipo magonjwa ya kinga ya mwili yanapostahili kutajwa.

Hatua ya 5: alama zinazomtaja mhusika

Kingamwili ya AMA ndiyo alama bora kuliko zote kwenye orodha hii. Zaidi ya tisa kati ya kumi wenye PBC wanayo. Mama wa miaka hamsini, muwasho usiku kucha, uchovu, ALP juu kwa muda, altrasaundi safi: omba AMA. Ikiwa 1:40 au zaidi pamoja na ALP ya juu, ugonjwa umetambuliwa bila hata kutoboa ini.

PSC haina alama ya damu ya kuaminika. Kuna inayoitwa pANCA, huonekana kwa wengi wao, lakini huonekana pia kwa wenye vidonda vya utumbo wasio na shida ya mirija. Mimi sipotezi kitendanishi nayo. PSC hutambuliwa kwa MRI ya mirija ya nyongo, inayoonyesha mirija iliyobana na kutanuka kama shanga kwenye uzi.

IgG4 inastahili kupimwa hasa kwa mwanaume mtu mzima, kwa sababu ugonjwa wake unafanana na saratani ilhali unayeyuka kwa predinisoloni. Kikomo ni gramu 1.35 kwa lita. Ikizidi mara nne, unaweza kuuamini ugonjwa. Ikizidi kidogo tu, subiri: kichocho na matende navyo hupandisha IgG4, na wavuvi wa ziwa letu wanaishi na kichocho. Tibu minyoo, rudia.

CA 19-9, ile alama ya saratani, ndiyo inayoombwa ovyo. Kikomo ni 37, lakini nyongo yoyote iliyokwama, hata kwa jiwe lisilo na hatia, inaweza kuipeleka mamia. Zaidi ya hapo, watu wenye aina fulani ya damu iitwayo Lewis hasi hawaitengenezi kabisa hata wakiwa na saratani, na kati ya watu weusi ni wengi kuliko kati ya Wazungu. Ipime baada ya mrija kufunguliwa. Nimeshuhudia familia ikigawana mashamba kwa namba ya CA 19-9 ya mgonjwa aliyekuwa na jiwe.

Hatua ya 6: nyongo yenyewe

Nyongo hupatikana kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, ERCP, au kwa sindano kupitia ini. Kwa mgonjwa wa Kigoma hiyo ni safari ya hospitali kubwa, Muhimbili mojawapo. Ikishachukuliwa, kazi yake ya kwanza ni kuoteshwa: E. coli, Klebsiella na Enterococcus ndio wenyeji wa kawaida, na majibu ya dawa inayowaua ni ya maana kuliko alama yoyote. Ya pili ni kutazama chembe zilizobanduka, kutafuta saratani.

Ya tatu ndiyo mpya. Watafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, Norway miongoni mwake, wamepima kalprotektini na interlukini-8 ndani ya nyongo, na wakakuta ziko juu kwa wenye PSC kuliko kwa waliokuja kwa sababu nyingine. Mantiki yake inaeleweka: interlukini-8 ni king'ora kinachoita nyutrofili, kalprotektini ni vumbi linaloachwa na nyutrofili zikishafika. Kipimo kinachukuliwa mahali palepale moto unapowaka. Lakini jiwe lenye bakteria nalo huita nyutrofili, na hakuna kikomo kimoja kilichokubalika cha kutumia kliniki. Zaidi ya yote, ERCP yenyewe huweza kuleta mchochota wa kongosho. Kwa hiyo mgonjwa asiingizwe kamera ili kupata alama tu. Kamera ikiwa inaingia kufungua mrija, basi mililita chache za nyongo zihifadhiwe, kwenye barafu, mbali na mwanga.

Sampuli safarini na barua ya rufaa

Kutoka Kalya hadi mjini ni safari ndefu ya boti; kutoka Kakonko, saa nyingi barabarani. Seramu itenganishwe kabla ya kuondoka, chupa ifungwe foili, iwekwe kwenye boksi la baridi la nyuzi 2 hadi 8, isiguse barafu moja kwa moja. ALT haipendi friza ya kawaida ya -20, ikigandishwa inashuka. Damu nzima isisafirishwe kwa vipimo hivi.

Kwenye barua andika namba na vikomo vya mashine yako, si "LFT (vipimo vya ini) imepanda". Andika tarehe ya kila jibu, dawa zote pamoja na mitishamba, rangi ya mkojo na choo, na kama amepata vitamini K. Mwandikie ndugu yake nakala. Barua ya kwanza hupotea njiani kuliko unavyodhani.

Mzee wa Ujiji alikutwa na jiwe kwenye mrija mkuu, likatolewa. Wiki moja baadaye binti yake akanipigia simu, sauti inatetemeka.

"Kaka, macho bado ya njano. Wamemfanya nini baba?"

"Homa anayo?"

"Hapana. Anakula."

"Na mkojo?"

Kimya kidogo, kisha nikamsikia akiuliza pembeni. "Anasema umekuwa kama maji ya kunywa."

Nikamweleza: bilirubini ikikaa muda mrefu kwenye damu, sehemu yake hugandamana na albumini na haiwezi kupita kwenye figo. Itaondoka pamoja na albumini hiyo, na hilo huchukua wiki mbili, tatu. Mkojo husafika kwanza, macho hufuata. Arudi kwangu Jumatatu na kopo safi, si chupa ya maji.

"Atakuja," akasema. "Ila anauliza kama mawese ameruhusiwa."

Nikamwambia asubiri kidogo, viganja visije vikatuchanganya.